Miaka ya Kupigwa Mgongo

Siku nilipomaliza dozi ya kifua kikuu kwa mara ya pili, nesi wa zahanati aligonga muhuri kwenye kadi yangu, akaandika kwamba nimepona, akanipa mkono wa pongezi. Nilitoka nje na furaha yangu. Kabla sijafika getini nikashikwa na kikohozi, nikaegemea nguzo, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Nilipoinua kichwa nilimwona nesi akinitazama dirishani. Sikurudi kumuuliza. Nilijiambia kwamba hayo ni mabaki tu, yatakwisha.

Mabaki hayo ninayo mpaka leo. Ninaandika kwa ajili ya mtu aliyeambiwa amepona na bado anakohoa, na kwa ajili ya yule anayeishi naye nyumba moja. Sina dawa ya kumpa. Wala sitamdanganya kwamba mambo yatakuwa mazuri, maana mimi mwenyewe sijayaona mazuri hayo. Nitasimulia yaliyonipata. Kuna makosa niliyoyafanya ambayo mwingine anaweza asiyafanye.

Naitwa Minza. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Bariadi mjini. Mume wangu, Ngasa, analima pamba na mahindi kwenye mashamba ya baba yake kule Zagayu, na kiangazi hufanya useremala hapa mjini. Tuna mapacha, Kulwa na Doto, ambao wakati haya yanaanza walikuwa tayari sekondari ya bweni. Nyumbani tulibaki watatu: mimi, Ngasa na mama yake mzazi. Mama mkwe huyo namwita mayu, kama ninavyomwita mama aliyenizaa.

Nilikohoa misimu miwili ya pamba bila kujua naumwa nini. Kila nikienda zahanati wananipa kikopo, natema, wanapima, wanasema TB haipo. Wananipa antibayotiki. Napata nafuu wiki mbili, halafu kinarudi kilekile. Asubuhi nilikuwa natoa makohozi yanayojaza kikombe cha chai, ya kijani, mazito, yenye harufu. Harufu ile niliisikia mimi kabla ya watu wengine, nikawa natafuna tangawizi mchana kutwa, nikiongea na mtu nageuza uso pembeni.

Mwili nao ulibadilika polepole. Ncha za vidole zilivimba, kucha zikajikunja kama mgongo wa kijiko. Kwingine kote nilikonda: pete ya ndoa ilianza kuzunguka yenyewe kidoleni, baadaye ikadondoka kwenye beseni la vyombo, nikaamua kuifungia kabatini. Na kuna jambo ambalo wanawake hatulisemi, ila nitalisema: nikikohoa kwa nguvu mkojo ulikuwa unanitoka. Nilikuwa nakwenda kazini na khanga ya akiba kwenye mkoba.

Darasa langu lilikuwa na watoto zaidi ya themanini. Nilianza kuona kwamba wale wa dawati la mbele wanasogea nyuma, wanabanana wanne wanne kuliko kukaa karibu na mimi. Halafu mzazi mmoja akaja kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu aliniita kwa adabu, akanieleza kwamba chaki si nzuri kwa kifua changu, na kwamba stoo ya vitabu inahitaji mtu makini. Nilielewa. Kanisani pia, kwenye kwaya, wenzangu wa sauti ya pili walianza kuacha nafasi kwenye benchi, upande huu na upande huu. Hakuna aliyenifukuza. Jumapili moja sikwenda mazoezi, na hakuna aliyekuja kuuliza.

Ni Ngasa aliyesema twende Mwanza, kwenye hospitali kubwa. Tulikuwa tumeuza pamba mwezi ule. Tulifika alfajiri, tukapewa namba, tukakaa kwenye korido ndefu yenye mabenchi ya mbao. Hapo nilijifunza kazi ambayo baadaye niliizoea sana, kazi ya kungoja. Unangoja faili, unangoja kuitwa, unangoja kipimo, unangoja majibu ya kipimo. Nilikuwa nabana kikohozi mpaka kichwa kinauma, kwa kuogopa kwamba nikikohoa wataniondoa.

Daktari alikuwa mzee kidogo, mpole. Alisema TB imekwisha kweli, lakini imeniachia mapafu yaliyoharibika. Mirija ya hewa imelegea, imepanuka, haiwezi tena kusukuma makohozi yatoke, kwa hiyo yanakaa humo yanaoza. Ngasa aliuliza kama hakuna namna ya kukata sehemu iliyoharibika. Daktari akasema ingekuwa upande mmoja wangefikiria, ila yangu ni pande zote mbili. Akaandika barua turudi nayo Bariadi, kwa mtu wa mazoezi ya tiba.

Mtu huyo alikuwa dada mmoja kijana, anaitwa Eliza. Chumba chake kilikuwa mwisho wa jengo, na ndani mlikuwa na kitanda kimoja, godoro la mpira sakafuni na mito mitatu. Alinilaza ubavu, akaniwekea mito chini ya nyonga ili kifua kiwe chini kuliko kiuno, akakunja kiganja chake kama mtu anayechota maji, akaanza kunipiga mbavuni. Haikuuma. Alimwita Ngasa aangalie. Alimweleza kwamba mkono ukikaa vizuri mlio wake ni mzito, wa hewa. Ukisikia mlio wa kofi, ujue umekosea. Kisha akanifundisha kuvuta pumzi kwa kina mara tatu nne, kupumzika, halafu kuitoa kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, haaa, kama mtu anayetaka kutia ukungu kwenye kioo akifute. Mara ya tatu nilitoa makohozi mengi kuliko niliyowahi kutoa kwa siku nzima. Nilikaa kitandani nikavuta pumzi, ikashuka mpaka mahali ambapo haikuwa imefika kwa muda mrefu. Nililia.

Eliza alinipa kitambaa, akasema tufanye hivyo kila asubuhi kabla ya chai na kila jioni kabla ya chakula, dakika ishirini upande mmoja, ishirini mwingine. Nikamuuliza kwa muda gani, nitapona lini.

"Hutapona, mwalimu," alisema. "Utakuwa unasafisha. Ukisafisha kila siku, haitaharibika haraka."

Namshukuru mpaka leo kwa kutonificha, ingawa siku ile nilimchukia.

Basi tukaanza. Ngasa aliinua miguu ya kitanda chetu upande mmoja kwa matofali. Mikono yake ni ya seremala, migumu, na siku za mwanzo alikuwa anaogopa ataniumiza, anapiga kama anayebembeleza mtoto. Nikamwambia aongeze. Alipoongeza, mayu akaja mbio kutoka jikoni, akasukuma mlango, akamshika mwanawe mkono. Alidhani ananipiga. Alimwambia kwa Kisukuma kwamba katika ukoo wao hapajawahi kuonekana mwanamume anayempiga mke mgonjwa. Tulimweleza, akakaa kwenye stuli akatazama mpaka mwisho. Kesho yake asubuhi nilikuta ameniwekea chupa ya maji ya moto yenye mchaichai. Hakuacha kuiweka hata siku moja. Nilikuwa nakunywa kwanza, makohozi yanalainika, ndipo tunaanza.

Huo ndio ukawa mwaka wangu. Asubuhi, jioni, kopo lenye mfuniko, kuchemsha kopo, kukausha kopo. Kila miezi mitatu kliniki. Kiangazi, wakati watu wanachoma mabua ya pamba mashambani na moshi unalala juu ya mji, nilikuwa najifungia ndani na kitambaa kilicholowa puani, na mazoezi yanakuwa mara tatu. Masika hewa inakuwa safi lakini inakuja na mafua, na mafua kwangu yalikuwa wiki mbili za homa. Sikupata nafuu ya kusema niko vizuri. Nilibaki palepale. Nilikuja kuelewa kwamba kubaki palepale ndiyo malipo yenyewe.

Kwenye korido ya Eliza ndipo nilipokutana na Ng'wasi. Nilimtambua kwa kopo. Alikuwa amelishika mapajani kama mimi, kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, tukaangaliana tukacheka. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, mwembamba, mrefu, mke wa pili kwenye boma la wafugaji huko Bukundi, wilaya ya Meatu. Naye alikuwa na TB, naye akaambiwa amepona. Ili awahi kliniki ya Bariadi alikuwa anaondoka kwao siku moja kabla, analala Mwanhuzi.

Eliza alikuwa ametuonya wagonjwa wa kifua tusikae pamoja. Alisema kila mtu na benchi lake. Nililisikia hilo, lakini nililichukua kama yale maonyo ya hospitali ya kila siku, ya kutotema hovyo na kuziba mdomo. Miaka mitatu nilikuwa sikai benchi moja na mtu asiyeniogopa. Ng'wasi alinisogelea akakaa bega kwa bega, na sikumwambia asogee.

Tukawa marafiki wa simu. Yeye hakuwa na wa kumpiga mgongo. Mume alikuwa anahama na ng'ombe kufuata malisho, miezi inapita. Mke mkubwa, Nyanzobe, hakutaka kumgusa. Alisema ugonjwa ule umeshazikwa na hospitali na bado unatembea, kwa hiyo si wa hospitali. Hakumnyima chakula wala hakumtukana, ila alimjengea kijumba chake pembeni. Ng'wasi alikuwa anajilaza mwenyewe juu ya gunia la pumba, anapumua kama tulivyofundishwa, lakini makohozi yake yalikuwa mazito kuliko yangu, hayashuki bila kupigwa.

Likizo ya Juni nilimwambia Ngasa nakwenda Bukundi kumfundisha yule mke mkubwa. Alikataa. Aliniuliza nani atanipiga mimi huko. Nikasema tutapigana wenyewe kwa wenyewe. Hata hivyo, kesho yake asubuhi alinisindikiza stendi.

Nilikaa Bukundi siku nne. Asubuhi Ng'wasi ananipiga mimi, kisha mimi nampiga yeye, ndani ya kile kijumba, vumbi la ng'ombe likiingia mlangoni. Alikuwa na mikono myepesi mno. Mimi kila nikimpiga dakika kumi pumzi inaniishia, nakaa chini, naanza tena. Tulikuwa tunacheka sana, nadhani kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani ambaye tungeweza kucheka naye jambo lile, wanawake wawili wagonjwa wanaopigana kwa zamu. Siku ya pili Ng'wasi aliniambia kwamba, ukituacha mimi na Eliza, hajaguswa na mtu mzima tangu mvua zilizopita.

Nyanzobe alikuwa anasimama mlangoni na kuondoka. Mwanamke mnene, mzito wa maneno, hajui Kiswahili zaidi ya salamu. Siku ya tatu aliingia, akakaa chini, akanyoosha mkono wake mbele yangu.

"Nionyeshe unavyokunjwa," alisema kwa Kisukuma.

Nilimkunja vidole. Alipiga gunia la pumba kwanza, mara nyingi, mpaka mlio ukawa wenyewe. Kisha akampiga Ng'wasi. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu, mizuri kuliko ya Ngasa, ina uzito na haina haraka. Ng'wasi alitoa makohozi siku ile mpaka akashindwa kukaa. Jioni alilala bila kuegemea kitu, akabaki usingizini mpaka jua lilipochomoza. Niliondoka Bukundi nikiamini kwamba nimefanya jambo jema kuliko yote niliyofanya tangu niugue.

Siku ya tano baada ya kurudi homa ikanipanda. Makohozi yalibadilika, yakawa ya rangi ambayo sikuwa nimeiona. Walipima, wakakuta kijidudu ambacho dawa za kawaida hazikigusi, nikalazwa nachomwa sindano wiki mbili. Eliza alikuja wodini, akaniuliza nilikuwa wapi. Nilipomweleza akawa anakunja na kukunjua pindo la shuka langu.

"Nilikuambia, mwalimu. Wagonjwa wa kifua hamkai pamoja. Mmepeana."

Nikamuuliza nani kampa mwenzake, mimi au Ng'wasi. Akasema hilo halitajulikana, na hata kama lingeweza kujulikana yeye hatalitafuta.

Nilimpigia Ng'wasi nikamwambia aende hospitali. Alisema ana homa kidogo lakini Nyanzobe anamhudumia vizuri, asubuhi na jioni, hajawahi kukosa. Alikwenda zahanati ya kwao akapewa vidonge. Kliniki ya Septemba hakuja. Nilikaa peke yangu kwenye lile benchi, na kila mlango wa mbele ulipofunguliwa niligeuka.

Mvua za kwanza zilikuta Ngasa ana mashamba mawili ya kupanda. Alikuwa anaamka mapema ananipiga mgongo, anapanda baiskeli kwenda Zagayu, anarudi jioni na matope magotini, ananipiga tena, ndipo anaoga. Alikonda kuliko mimi. Jioni moja mikono yake ilisimama katikati, nikadhani amesinzia.

"Mama Kulwa," alisema, "hii kazi haina mavuno."

Sikugeuka kumtazama. Alimaliza upande uliobaki, akatoka nje. Mimi nililala nikihesabu alichonifanyia, nikaona kwamba amesema kweli.

Wiki hiyohiyo Nyanzobe alinipigia kwa simu ya mume wao, ambaye alikuwa amerudi. Alizungumza kwa Kisukuma, polepole, kama mtu anayetoa ripoti. Alisema Ng'wasi amefariki jana. Alisema asubuhi alimlaza kama nilivyoonyesha, akampiga ubavu wa kulia, akamgeuza, akampiga wa kushoto, makohozi yakakataa kutoka, akamrudisha kulia, akaendelea hivyo mpaka jua lilipokuwa juu. Kisha akaona anampiga mtu ambaye hapumui.

"Nilikosea wapi?" aliniuliza.

Nilisema mtandao unasumbua, nikakata simu. Nimewaahidi ukweli, na huo ndio ukweli wangu mchungu kuliko mwingine. Mtandao haukuwa unasumbua.

Baada ya hapo niliacha mazoezi. Nilimwambia Ngasa kwamba kifua kimekuwa chepesi, apumzike, aende shamba mapema. Aliniamini kwa sababu alitaka kuniamini. Mayu aliendelea kuweka chupa yake, nami nikawa naimwaga chini ya mpapai. Sikutaka kufa. Sikutaka tu kuendelea, na wakati ule niliona kwamba hayo ni mambo mawili tofauti.

Siku kumi na mbili zilitosha. Siku ya kumi nilitoa damu, si michirizi, ni kikombe. Siku ya kumi na mbili midomo iligeuka rangi, mayu akapiga yowe la kuita majirani, wakanipeleka hospitali kwa bajaji. Nakumbuka mipira ya oksijeni puani na mlio wa mashine. Nakumbuka Ngasa amekaa pembeni bado amevaa gambuti za shamba. Nilikaa wodini siku kumi na moja. Siku za damu madaktari walikataza nisipigwe, na unayesoma ulijue hilo: ukiona damu nyingi acha kupiga, nenda hospitali. Damu ilipokauka Eliza alimruhusu Ngasa aanze tena. Alinipiga pale wodini mbele za wagonjwa wote, na chozi likamdondoka mgongoni kwangu nikalisikia.

"Nilisema vibaya," aliniambia.

"Ulisema kweli," nikamjibu.

Aliendelea kupiga.

Kutoka hapo sikurudi nilipokuwa. Kipimo cha pumzi, kile unachopuliza kwenye mrija, kilishuka na hakijapanda. Kupanda ngazi tatu za kanisa ni mpaka nisimame. Shuleni nimeomba kustaafu kwa ugonjwa na wamekubali. Nilijifunza kufanya peke yangu sehemu kubwa, kwa pumzi na kwa ile chupa ya maji yenye mrija ambayo Eliza alinitengenezea, unapuliza mapovu mpaka kifua kinatikisika, ili Ngasa abaki na zamu ya jioni tu. Wanangu wanapokuja likizo hawajui waniangalie wapi. Nawaambia waniangalie usoni kama zamani. Wanajaribu.

Zipo siku ndogo nzuri, sitaki kuzinyima haki yake. Ipo asubuhi makohozi yanapotoka upesi, nikakaa mlangoni na chai, pumzi ikaingia na kutoka bila mimi kuisimamia. Inadumu kama saa moja.

Mwaka huu, pamba ilipokwisha kuvunwa, mayu aliniita akasema kuna mgeni. Nilimkuta Nyanzobe amekaa kwenye stuli chini ya ukuta, na kuku wawili wamefungwa miguu pembeni yake. Alikuwa amesafiri siku mbili. Tukasalimiana kwa Kisukuma, mwadila kwa mwadila, tukaulizana ng'ombe, mvua, watoto. Mayu aliwapokea kuku. Nilingoja anilaumu, na nilikuwa nimeshajiandaa kukubali kila neno.

Hakunilaumu. Alisema tangu siku ile watu wa boma wanamwambia kwamba alimpiga mke mwenzake mpaka akafa. Mume hasemi, lakini hajakanusha. Yeye mwenyewe hajui. Alisema usiku na mchana anaiona mikono yake kama ya mtu mwingine. Akaomba nilale nimpe mgongo, apige kama alivyompiga Ng'wasi siku ile, halafu mimi niliyemfundisha nimwambie kama alikosea.

Nilijua Eliza angesema nini, lakini Nyanzobe hakuwa mgonjwa wa kifua. Nilikwenda chumbani, nikalala ubavu, nikapanga mito. Mayu alikaa mlangoni. Nyanzobe alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaikunja, akaanza chini ya mbavu kupanda juu. Mlio ulikuwa mzito, wa hewa, kila pigo na lenzake sawasawa. Hakuruka mahali. Hakupiga uti wa mgongo, hakupiga figo. Nilivuta pumzi, nikatoa, haaa, na makohozi yakapanda kirahisi kuliko mwezi wote ule. Nilitema kwenye kopo, nikafunika.

"Hukukosea," nilimwambia. "Hata kidogo. Ulipiga vizuri kuliko mimi."

Mikono yake ilikuwa bado imekunjwa juu ya mapaja. Nilimweleza pia habari za kile kijidudu, kwamba mimi na Ng'wasi tulipeana, na kwamba huenda ni mimi niliyekipeleka Bukundi. Nilimweleza yote, kwa Kisukuma, bila kumtazama. Nilimwambia kwamba siku ile mtandao haukusumbua.

Alisikiliza mpaka mwisho. Sijui kama alinisamehe.

"Kama mikono haikukosea," alisema, "basi kwa nini?"

Nyanzobe aliinuka, akashika bega langu, akaniambia nigeuke, kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa bado.